Chuma Kilichochoka: Lugha ya Mwanafunzi wa Uhandisi Mitambo kati ya Mlimani na Wazo



Mhadhara huu unahusu safari fupi ya kijiografia ambayo kiisimu ni ndefu mno. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya uhandisi mitambo hushuka kutoka Mlimani, akapita Mwenge, akashika Barabara ya Bagamoyo hadi Tegeta, na hatimaye akafika Wazo, kwenye kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1966. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1973, na tangu hapo mafunzo kwa vitendo yamehesabiwa kuwa sehemu ya shahada yenyewe. Mwanafunzi hupelekwa kiwandani ili akione kwa macho kile alichokisoma darasani. Swali la mhadhara huu ni hili: anapokiona, hukiita nani, na kwa lugha gani?

Darasani amefundishwa kwa Kiingereza. Kiwandani fundi humpokea kwa Kiswahili. Jioni, daftari la mafunzo humtaka aandike kwa Kiingereza tena. Kwa hiyo kila siku maarifa huvuka mpaka mara mbili, na katika kila kivuko kuna mzigo unaodondoka njiani.

Kiswahili cha fundi si lugha maskini. Kina beringi, shafti, gia, nati, bolti, mkanda na grisi, maneno ya mkopo yaliyokwisha kupata uraia. Kina pia spana malaya, jina ambalo watunzi wa kamusi huenda wakalionea haya, ingawa linaeleza kwa usahihi kabisa chombo kinachokubali nati ya kila ukubwa. Lakini utajiri wake mkubwa hauko katika nomino, bali katika vitenzi vya uharibifu: kupinda, kubonyea, kulegea, kukwama, kumeguka, kusagika, kupasuka, kukatika, kulika. Kiambishi cha kutendeka hueleza hali iliyokifika chuma bila kumtaja aliyeileta. Fundi akisema beringi imelika, ameripoti matokeo. Akisema imeliwa na vumbi, amekwisha kutaja chanzo. Hiyo ndiyo tofauti ambayo mhandisi hulipwa ili aitafute, na sarufi ya Kiswahili inayo tayari. Kinachoikwamisha ni ile kauli ya haraka, "imekufa", ambayo hufunga uchunguzi kabla haujaanza.

Mfano unaostahili kukaliwa kitako ni kuchoka. Mafundi husema chuma kimechoka, na gari limechoka, wakimaanisha kwamba kimetumika sana na hakiaminiki tena. Mhandisi naye husema chuma huchoka, lakini kwa maana finyu zaidi: ufa mdogo huanza mahali fulani, aghalabu penye kona kali au mkwaruzo, kisha hukua kidogo kidogo kila mzigo unaporudiwa, hadi siku moja shafti hukatika kwa mzigo ambao ingeubeba bila wasiwasi mara moja au mara mia. Chuma cha namna hiyo kinaweza kuwa kipya. Istiara ni ile ile, na imezaliwa katika lugha mbalimbali. Dhana ni mbili. Mwanafunzi anayesikia neno la fundi na kudhani amelielewa kwa sababu analijua la darasani, hukosea bila kujua kwamba amekosea. Hakuna kosa la tafsiri lililo gumu kuliko hilo kuligundua.

Tanuri la saruji hudai usahihi wa aina hiyo. Mchanganyiko wa mawe ya chokaa na udongo huchomwa kwa takribani nyuzi 1,450 za Selisiasi hadi ukawa klinka, ambayo baadaye husagwa pamoja na jasi. Tanuri lenyewe ni bomba kubwa la chuma, limelazwa kwa mteremko mdogo, limejengewa ndani matofali ya kuhimili moto, na huzunguka polepole juu ya magurudumu. Ganda la chuma lenye urefu wa mita 60 likipashwa kutoka nyuzi 30 hadi 300 hurefuka kwa takribani sentimita 19. Likizuiwa lisirefuke, ndani yake huzuka mkazo. Wanaisimu wanalijua neno hilo kwa maana ya silabi ya pili kutoka mwisho. Wahandisi wanalihitaji kwa maana ya nguvu iliyogawanywa kwa eneo. Fundi anacho kitenzi chake, kukaza, mkononi kila siku. Kurefuka nako kupo, na nomino ya kitaalamu inaweza kuundwa kutokana nako bila taabu.

Historia ya sera haihitaji kurudiwa kwa kirefu. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiingie sekondari na hatimaye vyuoni, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Watetezi wa Kiingereza wana hoja moja nzito: miongozo ya mitambo haiji kwa Kiswahili, na mhandisi asiyeweza kuisoma ni hatari kwa wenzake. Hoja hiyo ni ya kweli. Hata hivyo inathibitisha tu kwamba mhandisi anahitaji Kiingereza. Haithibitishi kwamba anaweza kufanya kazi bila Kiswahili cha kitaalamu, kwa maana mkono unaofungua bolti unaongozwa na maelekezo ya Kiswahili.

Wanaleksikografia nao hawana budi kulaumiwa. Istilahi nyingi zimesanifiwa mezani, zikapelekwa kamusini, na hazikuwahi kufika karakana. Za karakana nazo hazikuwahi kufika mezani. Kazi inayopendekezwa hapa ni ndogo na inaweza kuanza katika likizo moja: mwanafunzi wa isimu aambatane na mwanafunzi wa uhandisi, na daftari la mafunzo liwe na safu mbili. Katika safu ya kwanza iandikwe sentensi nzima ya fundi, kama alivyoitamka, pamoja na kile alichokuwa ameshika. Katika ya pili, mwanafunzi aandike kama chuma hicho kililika, kilipasuka au kilichoka, na aeleze alijuaje.