Ujamaa na Ushirika: Maneno Mawili na Ndoto ya Jamii ya Haki

Mhadhara huu unahusu maneno mawili ambayo kwa zaidi ya nusu karne yamekuwa yakitumiwa katika Kiswahili kila ilipofikiriwa namna nyingine ya kuishi, namna isiyokuwa na bwana na mtwana wala tajiri na kibarua wake. Neno la kwanza ni ujamaa. La pili ni ushirika. Katika hotuba nyingi za siasa maneno haya yalitajwa kana kwamba ni pacha. Dai litakalotetewa hapa ni kwamba si pacha, na kwamba kuyachanganya kuliwagharimu wakulima wa Tanzania hasara ambayo haijamalizika kuhesabiwa.

Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu. Jamaa limetoka katika mzizi wenye maana ya kukusanya, ule ule uliozaa jamii, jumuiya na Ijumaa. Katika Kiarabu ni kundi la watu, aghalabu waliokusanyika kwa jambo fulani kama vile sala. Ni Kiswahili kilicholitia neno hilo damu: jamaa za mtu wakawa ndugu zake, watu wa ukoo wake. (Kwamba leo mtaani “jamaa mmoja” ni mtu ambaye hata jina lake halijulikani, hiyo ni safari nyingine ya neno, inayostahili mhadhara wake.) Ushirika nao una mzizi wenye maana ya kuwa na fungu katika kitu kimoja na mwenzio. Mfanyabiashara wa pwani aliyesema ana shirika na fulani alimaanisha jambo mahususi: kila mmoja ametia mtaji au kazi yake, faida itagawanywa kama walivyopatana, na siku wasipoelewana hesabu itafanywa na kila mtu atashika njia yake. Mzizi huo huo ndio uliozaa ushirikina, yaani kumfanyia Mungu mshirika. Na ndio ambao Waarabu wenyewe waliutumia walipohitaji jina la usoshalisti, wakauita ishtirakiya.

Basi mwaka 1962, Julius Nyerere alipoandika kijitabu chake kuhusu ujamaa kuwa msingi wa usoshalisti wa Kiafrika, njia ya ushirika ilikuwa wazi mbele yake, tena si kwa jina tu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika tangu 1933, na wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa wameunganisha vyama vyao mwaka 1955. Nyerere akachagua lile neno jingine. Hoja yake ilikuwa na nguvu: Afrika haikuhitaji kuzaa usoshalisti kwa vita vya matabaka, kwani ulikuwa tayari nyumbani, katika ukoo ambamo hakuna aliyelala njaa wakati mwenzake ameshiba, na ambamo kila mtu alifanya kazi. Hata mgeni, kama methali isemavyo, siku ya tatu hupewa jembe. Kilichotakiwa ni kuupanua ukoo mpaka uwe taifa, na hatimaye wanadamu wote.

Uzuri wa neno hili haukanushiki. Liliwapa watu wasiokuwa na elimu ya uchumi picha ya haki waliyoweza kuiona kwa macho. Lakini neno halisafiri peke yake. Hubeba mizigo yake yote. Ukoo una mgawo, na una pia mzee. Mtu hajiungi na ukoo, huzaliwa ndani yake, wala hajiuzulu. Mtoto hamwombi baba daftari la mahesabu. Mwaka 1967, katika andiko lake juu ya ujamaa vijijini, Nyerere mwenyewe alikiri kwamba ukoo wa jadi ulikuwa na kasoro mbili, umaskini na unyonge wa wanawake. Kasoro ya tatu, ile ya amri ya mkubwa, hakuiorodhesha.

Kabla ya hapo wakulima walikuwa wamekwisha kuonyesha kwa vitendo kwamba maana nyingine iliwezekana. Huko Songea, kuanzia Litowa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijiji vilivyounda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma vililima kwa pamoja, vikaanzisha shule yao na mashine zao, vikapanga kazi na kugawana mapato kwa maamuzi ya wanakijiji wenyewe. Aliyeingia aliingia kwa hiari yake. Nyerere aliwasifu na akajifunza kwao. Wao walijiita wajamaa, nao walistahili jina hilo. Ila kwa kipimo cha maana, kilichokuwa Ruvuma kilikuwa ushirika uliovaa kanzu ya ujamaa. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho, na mali zake zikachukuliwa. Kosa lake halikuwa ubepari. Kosa lake lilikuwa kwamba wanachama walizoea kuamua bila kungoja kuamuliwa.

Mwaka 1968 Nyerere alikuwa ameandika kwamba hakuna awezaye kulazimishwa kuingia katika kijiji cha ujamaa. Novemba 1973 kuishi vijijini kukatangazwa kuwa amri. Hapo ndipo neno operesheni lilipoingia vinywani mwa wakulima wengi, na ni jambo la kutazamwa na wanaleksikografia kwamba kazi iliyodaiwa kuwa ya kindugu ilihitaji jina lililokopwa kutoka lugha ya jeshi na hospitali. Kufikia 1977 hesabu rasmi zilitaja takriban watu milioni 13 kuwa wanaishi katika vijiji. Baadhi walipata shule, zahanati na maji kwa mara ya kwanza, na hilo lisisahauliwe. Wengine waliziona nyumba zao zikibomolewa. Sheria ya 1975 ikakipa kijiji utu wa kisheria, na Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa nchi nzima, kazi zao zikakabidhiwa vijiji na mamlaka za mazao za serikali. Ujamaa ukawa umeumeza ushirika. Si kwamba vyama vile vilikuwa safi. Tume ya mwaka 1966 ilikuta ubadhirifu mwingi ndani yake. Lakini dawa ya daftari bovu ni daftari jema, na mali bila daftari, wahenga walikwisha kusema, huisha bila habari. Vyama hivyo vilirudishwa kwa sheria ya 1982, vikiwa dhaifu.

Fasihi ya Kiswahili iliyajua haya mapema kuliko siasa. Katika Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichochapishwa mwaka 1951 chini ya utawala wa Waingereza, jamii bora hailetwi na mfalme mwema. Inatafutwa mahakamani, na mshtakiwa aitwaye Karama, ambaye kosa lake ni kufundisha uanasheria, na ambaye anajitetea kwa kueleza habari za wajumbe waliotumwa nchi za mbali wakarudi na mapendekezo ya mageuzi, kisha wakafungwa. Hoja ya Karama ni kwamba hakuna mageuzi pasipo mahali pa kuyatetea. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, aliuandika upande wa pili. Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975) mwenye shamba aliyenyang’anywa mali anamwua kiongozi wa serikali, naye ananyongwa. Wasomaji wa wakati ule hawakuweza kutomkumbuka Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dakta Wilbert Klerruu, aliyeuawa na mkulima Desemba 1971. Gamba la Nyoka (1979) inaendelea hadi kwenye uhamishaji wenyewe. Kezilahabi hautetei ubepari. Anachouliza ni nani aliyewauliza wanakijiji.

Mambo yakageuka. Februari 1991, huko Zanzibar, chama tawala kililegeza miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha, ile iliyomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni na nyumba za kupangisha. Lugha iligeuka pia. Katika shughuli za umma ndugu alimpisha mheshimiwa. Utaifishaji, uliotokana na taifa, ulifuatwa na ubinafsishaji, istilahi iliyoundwa kwa kanuni zote za sarufi, lakini ambayo sikio la msemaji wa kawaida lilisikia ndani yake ubinafsi, tabia ambayo alikuwa amefundishwa shuleni kuichukia. Wataalamu waliounda neno hilo hawakukusudia kejeli. Lugha iliwafanyia.

Hata hivyo Ibara ya 3 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano bado inaitaja nchi kuwa ya kijamaa. Nje ya Katiba, kinachoishi ni ushirika. Upo katika vikoba vya wanawake, ambamo kila hisa huandikwa mbele ya macho ya wote na sanduku hufungwa kwa funguo zilizogawanywa kwa watu tofauti. Upo pia Mtwara na Lindi, ambako tangu 2007 korosho zimekuwa zikiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani kupitia vyama vya msingi, kwa mnada. Mfumo huo una malalamiko yake, hasa makato na ucheleweshaji wa malipo. Na Novemba 2018, bei za mnada zilipowakatisha tamaa wakulima, serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaagizwa kuzisomba. Bei ilikuwa nzuri kuliko ya wafanyabiashara. Uamuzi, kwa mara nyingine, ulikuwa wa baba. Na wakulima wengi walikaa muda mrefu wakisubiri fedha zao.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili ipo kazi hapa ambayo wanauchumi hawawezi kuifanya. Tangu 1975 vijiji vimekuwa na mikutano yao, na mihutasari imeandikwa kwa Kiswahili, mara nyingi kwa mkono, katika madaftari ya shule. Yaliyosalia yamo katika ofisi za vijiji na makabati ya halmashauri, na mchwa hawangoji ruzuku ya utafiti. Asome mtu madaftari hayo kwa jicho la lugha: atazame ni mara ngapi imeandikwa “wajumbe waliafiki”, na ni wapi, katika kijiji gani na mwaka gani, karani aliona inafaa kuandika jina la aliyesimama na kusema hapana, pamoja na sababu zake.