Uwanja Uwekwe Wapi? Ramani, Safari na Haki ya Mtazamaji, Kitale na Bungoma



Tarehe 1 Juni 2024 sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika katika Uwanja wa Masinde Muliro, Kanduyi, kaunti ya Bungoma. Siku ya namna hiyo haitoshi kutuambia kama uwanja umewekwa pahali pazuri. Mabasi hukodishwa, askari huongoza magari, na watu huwa tayari kuamka alfajiri. Mimi napima kwa Jumamosi ya kawaida. Mechi ya ligi imekwisha saa kumi na mbili kasoro, na mama wa Kimilili aliyekuja kumtazama bintiye akicheza anatoka langoni. Matatu ataipata? Boda boda atamlipa ngapi? Giza litamkutia wapi? Ninachotetea leo ni kwamba eneo la uwanja lichaguliwe kwanza kwa safari ya kurudi nyumbani, na hesabu nyingine zote zifuate.

Kwa kipimo hicho, Kanduyi panajitetea vizuri. Pako kwenye barabara kuu ya Webuye hadi Malaba, na barabara pana ya kwenda Musikoma inapapeleka moja kwa moja katikati ya mji wa Bungoma. Uwanja wa Kenyatta wa Kitale, katika Trans Nzoia, nao uko mjini, karibu na steji na soko. Waliotenga viwanja hivi hawakuwa na kompyuta, lakini walijua watu hupita wapi.

Sasa tuna kompyuta, na kazi yake ya msingi ni rahisi kueleza. Mmarekani Ian McHarg aliitangaza sana katika kitabu chake cha mwaka 1969: chukua ramani ya mteremko, ya udongo, ya mito, ya barabara na ya makazi, uzipange tabaka juu ya tabaka, kisha utazame ni wapi masharti yako yote yanatimia. Ramani za mwinuko zinapatikana bure, kwa mfano zile zilizotokana na chombo cha anga cha Marekani kilichopima dunia kwa rada mnamo Februari 2000. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuzifungua leo jioni.

Lakini azifungue kwa tahadhari. Uwanja wenye njia ya riadha ya mita 400 una urefu wa takribani mita 180. Ardhi ikiinama asilimia 5 tu, ncha moja itakuwa chini ya nyingine kwa mita 9, na udongo wa kusawazisha tofauti hiyo ni gharama kubwa kabla ya tofali la kwanza. Ramani hiyo ya rada huigawa ardhi katika miraba ya mita 30 kwa 30, kwa hiyo uwanja mzima hauzidi miraba ishirini na kitu, na kila mraba unaweza kuwa na kosa la mita kadhaa. Isitoshe, penye shamba la mikaratusi rada husoma majani, haifiki ardhini. Ramani itupunguzie maeneo hamsini yabaki matano. Hayo matano yapimwe na mpima ardhi mwenye vifaa vyake, akitembea kwa miguu.

Kuna pia jua. Kitale iko kama digrii moja tu kaskazini mwa ikweta, hivyo alasiri jua hushukia magharibi mwaka mzima. Uwanja ukilazwa mashariki kwa magharibi, kipa mmoja atacheza akiwa amepofushwa katika dakika ambazo mechi huamuliwa. Magoli yakae kaskazini na kusini. Ndiyo maana kipande cha ardhi chenye ekari za kutosha lakini chembamba upande usiofaa hakitufai.

Sasa nije kwenye umbali. Wapangaji hupenda kuchora duara la kilomita 20 na kuhesabu watu waliomo. Kaunti ya Bungoma ilihesabiwa watu 1,670,570 mwaka 2019, na Trans Nzoia 990,341, kwa hiyo duara lolote litajaa. Ila Mto Nzoia hauvukiki popote upendapo. Mtu wa ng'ambo huzunguka hadi darajani. Kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mabonde yanakata njia za kwenda kando kando, na jirani unayemwona kwa macho yuko mbali kwa gari. Tupime kwa dakika za barabarani, na tupime wakati wa mvua, kwa kuwa barabara ya udongo ya Julai si ile ya Januari.

Mwisho wa yote huja uzito wa kila kigezo, na hapa ndipo siasa hujificha. Chukua maeneo mawili ya kubuni. La kwanza liko kando ya mji: kwa urahisi wa kufika lina alama 8, kwa unafuu wa ardhi 3. La pili ni shamba la umma lililo mbali: kufika 3, unafuu 9. Ukiipa safari uzito wa asilimia 60 na ardhi 40, la kwanza linapata 6.0 na la pili 5.4. Geuza uzito, na la pili linashinda kwa 6.6 dhidi ya 5.0. Data ni ile ile. Aliyeamua ni yule aliyeandika asilimia, na mara nyingi hata jina lake halimo kwenye ripoti. Na ardhi hiyo inayoitwa nafuu, katika Trans Nzoia, huenda ndiyo inayotoa mbegu za mahindi za nchi nzima. Thamani hiyo nayo iandikwe.

Jedwali la nne la Katiba ya 2010 limeweka vifaa vya michezo mikononi mwa kaunti, na kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi. Kuwashirikisha baada ya eneo kuchaguliwa ni kuwapa taarifa tu. Naomba jedwali la uzito libandikwe kwenye ofisi za wadi kabla ramani haijachorwa, kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, na wachezaji wasichana, wahudumu wa boda boda, walimu wa michezo na wenye ulemavu waulizwe kila asilimia iwe ngapi. Idara yangu ya chuo iko tayari kuifanya hesabu hiyo hadharani, bila malipo, kwa kaunti yoyote kati ya hizi mbili itakayotuita.