KASHA LA MWANACHAMA WETU ALIYESTAAFU JESHI

Maelezo ya mafundi seremala wa Chama katika Mkutano wa kutimiza miaka 10



Halmashauri ilipotuagiza kutengeneza kasha la kumtunukia mwanachama wetu aliyestaafu Jeshi la Wananchi, baadhi ya wajumbe walitaka liwe mfano wa makasha ya pwani, yale yaliyojaa misumari ya shaba, ambayo mengi yaliletwa kwa majahazi kutoka Bara Hindi. Ni mazuri, hatukatai. Lakini fedha tuliyopewa haikutosha kununua shaba na mbao kavu kwa pamoja, nasi tukachagua mbao. Kwa kuwa fedha hiyo ni jasho la kahawa yenu, yatupasa tuwaeleze sababu.

Fikirini vitakavyotiwa humo. Mwenzetu alikuwamo katika Brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopelekwa mashariki ya Kongo mwaka 2013, askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi wakiwa pamoja, naye anayo nishani yake. Anayo pia ya marehemu baba yake, aliyevuka Mto Kagera katika vita vya 1978 hadi 1979. Na zaidi ya nishani ziko karatasi: hati ya kuachana na jeshi, barua za vyeo, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto. Nishani ikipotea ni huzuni; karatasi ikiliwa na mchwa, mjane hubaki akizunguka ofisi hata ofisi, akitafuta namna ya kuthibitisha haki yake. Wajane wa namna hiyo tunao vijijini mwetu, nanyi mnawajua.

Basi tulitafuta mninga, wenye alama ya nyundo ya misitu na stakabadhi zake. Mti huu wa miombo, utoao utomvu mwekundu kama damu, husinyaa kidogo sana ukaukapo, na kiini chake mchwa hawakipendi. Weupe wa pembeni tuliukata wote tukautupa, maana huo huliwa na wadudu. Mbao za inchi 1 tuliziacha kivulini mwaka mzima, zimetenganishwa kwa vijiti ili upepo upite. Wajumbe walikuja mara kwa mara kuuliza, Kasha li wapi? Tukawaonyesha mbao.

Pembe tumeziunga kwa meno yaliyokatwa mfano wa mkia wa njiwa, bila msumari hata mmoja. Kitako hakikugongomewa wala kutiwa gundi. Kimeingizwa katika mfuo, kipate nafasi ya kutanuka masika na kusinyaa kiangazi, kwani ubao hucheza kwa upana wake, si kwa urefu. Ubao uliobanwa pande zote hupasuka, hata fundi awe hodari namna gani. Miguu yaliinua kasha inchi 3 juu ya sakafu, mbali na unyevu. Vanishi tumepaka nje tu. Ndani tumeacha ubao mtupu, kwa sababu mvuke wake hudhuru. Nishani zimetandikiwa kitambaa cha pamba, si cha sufu, maana sufu huitia fedha weusi. Shaba iliyomo ni ya bawaba na kitasa, basi.

Funguo ni mbili. Mmoja ni wake, wa pili ni wa mkewe, nasi twaomba bibi huyo akabidhiwe wake mkononi, leo, mbele yenu.