Pikipiki ni nyingi, wenyewe ni nani?



Mtu aliyeondoka nchini mwaka 1985 akarudi leo, jambo litakalomshangaza barabarani si magari, ni pikipiki. Zama hizo pikipiki ilikuwa chombo cha watu wachache wanaojulikana: bwana shamba, mganga wa zahanati, padri, mratibu wa elimu. Ikisikika ikinguruma ng'ambo ya mto, watoto wa kijiji walikwisha kujua nani anakuja kabla hajatokea. Na wengi wa hao hawakuinunua kwa fedha zao. Ilikuwa mali ya Serikali, ya misheni au ya shirika la umma, na mwenye kuiendesha akihamishwa kituo, aliiacha. Mwananchi wa kawaida alikuwa na baiskeli, na akijaliwa alikuwa na Swala iliyoundwa hapa hapa nchini.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 pikipiki zilizosajiliwa Tanzania zilikuwa bado zikihesabiwa kwa maelfu. Haikupita miaka ishirini zikawa zinahesabiwa kwa zaidi ya milioni. Sababu ya kwanza ilikuwa bei. Pikipiki za Kijapani, yaani Honda, Yamaha na Suzuki, zilikuwa imara lakini ghali. Zikaja za Kichina, kama Sanlg na Toyo, ambazo mwalimu au mkulima aliyeuza mazao vizuri aliweza kuzifikia. Kisha zikaja za Kihindi, Boxer ya Bajaj pamoja na TVS, nazo zikaliteka soko; si kwa kuwa ni rahisi kuliko zote, bali kwa kuwa vipuri vyake vinapatikana hata katika duka la kijiji, fundi wa chini ya mwembe anazifahamu, na zikiuzwa baada ya kutumika hazishuki thamani upesi. Mwendesha pikipiki hahitaji kufundishwa uchumi. Anajua kwamba chombo kinacholala siku tatu kikisubiri kipuri kutoka mjini ni ghali, hata kama kilinunuliwa kwa bei ya chini.

Sababu ya pili ilikuwa biashara ya kubeba abiria. Biashara hiyo ilianzia kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, pale Busia, katika miaka ya 1960, wakati vijana walipokuwa wakivusha abiria kwa baiskeli kutoka boda moja hadi nyingine. Jina limebaki, baiskeli zimekwisha. Hapa nchini sheria ya leseni za usafirishaji ilirekebishwa mwaka 2009 ili pikipiki ziruhusiwe kubeba abiria kwa malipo, na kanuni zake zikatolewa mwaka 2010. Tangu hapo kila njia panda imepata kijiwe chake. Ndipo waheshimiwa wengi, wakisimama jukwaani, wakaanza kusema kwamba vijana sasa wamejiajiri.

Neno hilo linastahili kuchunguzwa. Kujiajiri maana yake ni kumiliki nyenzo ya kazi yako na kula jasho lako. Basi aendaye kijiweni akawauliza vijana kumi kadi za pikipiki zimeandikwa majina ya nani, ataona upesi kwamba soko la pikipiki limepanuka kuliko umilikaji wa pikipiki ulivyopanuka miongoni mwa wale wanaozipanda. Wako walionunua zao, na hao huwaona kwa jinsi wanavyozisafisha. Wako wanaopeleka hesabu kwa tajiri kila jioni na hawatarajii kitu zaidi. Chini yao yuko deiwaka, anayeazimwa chombo kwa saa chache mwenziwe anapopumzika, ambaye hata tajiri hamjui. Lakini walio wengi mijini, na ambao habari yao ni nzito zaidi, ni wale wa mkataba.

Mkataba ni mapatano ambayo kijana hupewa pikipiki mpya, akalipa kiasi maalumu kila siku, na muda ukitimia pikipiki inakuwa yake. Ichukuliwe kwa mfano pikipiki iliyonunuliwa kwa shilingi 2,600,000, na kijana akatakiwa kulipa shilingi 10,000 kila siku kwa mwaka mzima, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mwisho wa mwaka atakuwa amelipa shilingi 3,650,000. Petroli ni yake, oili ni yake, tairi ni yake, na faini ya barabarani ni yake. Tajiri atakuwa amepata faida ya shilingi 1,050,000 bila kupanda pikipiki hata siku moja.

Wapo watakaosema kwamba faida hiyo ni ya haki, kwani mtaji una hatari zake. Ikubaliwe hivyo kwa sasa. Jambo linaloumiza limo katika kalenda. Kwa hesabu hiyo hiyo, siku ya 260, yaani kabla ya miezi tisa kutimia, fedha yote ya tajiri imekwisha kurudi mfukoni mwake. Kuanzia hapo kila shilingi inayolipwa ni faida tupu. Kijana akivunjika mguu siku ya 300, au akiugua malaria na kukosa hesabu wiki mbili, mikataba mingi humruhusu mwenye mali kuichukua pikipiki na kuvunja mapatano. Wakati huo kijana amekwisha kulipa shilingi 3,000,000, zaidi ya bei ya dukani. Tajiri amerudishiwa mtaji, amepata faida ya shilingi 400,000, na pikipiki anayo. Kesho atampa kijana mwingine aanze upya. Hapo hatari ya mtaji iliyozungumzwa imebebwa na nani?

Haifai hata hivyo kumchora kila tajiri kama kupe. Huyo anayeitwa tajiri kijiweni mara nyingi ni mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi, askari au mama mjane aliyewekeza kiinua mgongo cha marehemu mumewe katika pikipiki moja. Wapo waliodhulumiwa na vijana waliotoroka na chombo wakakiuza mkoa wa mbali. Wazee wanaolikumbuka Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba ya kupangisha, wangekuwa na la kusema juu ya kiongozi mwenye pikipiki ishirini za mkataba. Lakini masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na mjane si kiongozi. Ubaya umo katika mapatano yenyewe, ambayo mara nyingi husemwa kwa mdomo au huandikwa kwenye karatasi moja inayobaki kwa mwenye mali. Mkataba wa haki ungeandikwa nakala mbili mbele ya mwenyekiti wa mtaa, malipo ya kila siku yangetiwa sahihi, na ungekuwa na kifungu kinachosema kwamba mwendeshaji akishindwa kuendelea, pikipiki itauzwa na kila mmoja achukue sehemu inayolingana na alichotoa. Kifungu hicho kimoja kingezuia machozi mengi. Nazo kampuni za mikopo ya pikipiki, ambazo sasa hufunga ndani ya chombo kifaa cha kukifuatilia kokote kiendako, zingepaswa kubanwa kwa kifungu hicho hicho kabla ya mwenye pikipiki moja.

Vijijini hali ni tofauti kidogo. Katika mikoa ya Lindi na Mtwara, msimu wa korosho ukiwa mzuri, wauza pikipiki hufanya biashara kubwa kwa wiki chache. Mkulima hununua kwa fedha taslimu, kadi ikaandikwa jina lake. Asubuhi inabeba gunia, usiku inampeleka mzazi mwenye uchungu zahanati. Mkulima huyo hana hesabu ya kupeleka kwa mtu. Shida yake huja mwaka ambao korosho zimeshuka bei, akaiuza kwa hasara ili alipe ada.

Nalo soko halikusimama. Huko Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza mwaka 2019 kuuza pikipiki za umeme, na Serikali ya Rwanda ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria katika mji huo zitakazosajiliwa ni za umeme tu. Mwendeshaji hununua pikipiki, lakini betri hainunui. Huibadilisha kituoni na kulipa kila anapobadilisha. Kwa gharama za kila siku, mpango huo una nafuu kuliko petroli. Kwa upande wa umilikaji, betri ndiyo sehemu ya thamani kubwa, nayo inabaki mikononi mwa kampuni. Vijiwe vya hapa nchini vitakapofikiwa na mpango wa namna hiyo, inafaa bei ya kubadilisha betri iulizwe kabla ya bei ya pikipiki.

Njia iliyo karibu zaidi ni ile ambayo akina mama wanaifahamu tangu zamani, yaani upatu. Vijana kumi wa kijiwe kimoja, wote wakiwa bado wanapeleka hesabu, wakiweka shilingi 2,000 kila mmoja kwa siku, hupata shilingi 2,600,000 baada ya siku 130. Anayepewa pikipiki hiyo ya kwanza huacha hesabu ya tajiri, na ile shilingi 10,000 huiweka katika mfuko wa wenzake. Ya pili hupatikana kwa siku 93, na ya tatu kwa siku 73. Hakuna riba, na aliyeumia anangojwa na watu wanaomjua.

Vikundi vingi vya namna hii huvunjika kwa sababu mbili zinazojulikana: wa kwanza kupata huhama kijiwe, na mweka hazina hukaa na fedha nyumbani. Kwa hiyo kadi ya kila pikipiki ibaki kwa jina la kikundi mpaka wa kumi apate yake, na fedha ziwekwe benki kwa sahihi za watu watatu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi kama hivyo visajiliwe, na kikundi kilichosajiliwa kinaweza pia kuomba mkopo usio na riba katika ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kijiwe kinachokusudia kuanza kiandike katiba yake na kumpelekea ofisa maendeleo ya jamii wa kata kabla ya kukusanya shilingi ya kwanza.