Baraza ya mchezo: tovuti ya mchezo wa kompyuta uliojengwa na wengi



Msafiri anayetoka Maskati ya kale na kuifuata barabara ya pwani kuelekea Al Bustan hukifikia Sidab, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya majabali na bahari. Sidab ni sehemu ya jiji la Maskati, na katika jiji hilo Kiswahili kingali kikisikika majumbani. Kinasikika hasa katika familia zilizotoka Zanzibar na mwambao wa Afrika Mashariki baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, na nyingine baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970. Hata hivyo, mara nyingi bibi husema kwa Kiswahili na mjukuu hujibu kwa Kiarabu au Kiingereza. Shuleni mjukuu husomeshwa lugha hizo mbili, na Kiswahili hubaki kuwa lugha ya kusikia tu.

Je, lugha hiyo itamfikia wapi tena? Mojawapo ya mahali anapotumia saa zake nyingi ni mbele ya kompyuta au simu, akicheza. Ndiyo maana jambo linaloonekana dogo, yaani sura ya tovuti ya mchezo, lina uzito kuliko linavyodhaniwa.

Ipo michezo ya kompyuta ambayo haikutengenezwa na kampuni, bali na watu wanaojitolea kutoka nchi mbalimbali. Freeciv ilianzishwa na wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, na kutolewa kwa umma mwaka 1996. Battle for Wesnoth ilianzishwa na David White mwaka 2003, na toleo lake la 1.0 likatoka mwaka 2005. Mchezo uitwao 0 A.D., uliobuniwa mwaka 2001, ulifungua programu yake kwa umma mwaka 2009, na mwaka 2018 ukaongezewa ufalme wa kale wa Kush, uliokuwa katika Sudan ya leo. Michezo hii hupatikana bure kwa kompyuta. Mtu yeyote aweza kuipakua, kuichunguza, kuirekebisha na kuitafsiri. Wesnoth imekwisha kutafsiriwa kwa makumi ya lugha, na waliofanya kazi hiyo ni wachezaji wenyewe.

Lakini mchezo wa aina hii hauna duka wala matangazo ya televisheni. Mlango wake mkubwa ni tovuti, na mara nyingi mlango huo ndio unaosahauliwa. Sababu yake haihitaji kutafutwa mbali. Anayejitolea huchagua kazi anayoipenda: huyu huandika programu, yule huchora askari na majumba, mwingine hutunga muziki. Kufuta picha zilizopitwa na wakati na kurekebisha viungo vilivyokatika ni kazi isiyo na sifa. Matokeo yake ni kwamba mchezo unasonga mbele huku tovuti ikibaki nyuma.

Chukua mfano wa kijana wa Sidab anayeifungua tovuti ya namna hiyo kwa mara ya kwanza. Anachokiona juu kabisa ni habari kwamba toleo la namba fulani limerekebisha makosa fulani. Habari hiyo ina maana kwa waliojenga mchezo, wala si kwake. Yeye ana maswali manne: huu ni mchezo gani, unalipiwa au la, kompyuta ya nyumbani itauweza, na faili lake lina ukubwa gani? Swali la mwisho si dogo kwa anayenunua intaneti kwa kipimo, awe Maskati, Mombasa au Bukavu, kwani baadhi ya michezo hii huwa na mamia ya megabaiti. Akibofya bila kuambiwa, huenda fedha zake zikaisha kabla faili halijafika.

Watu wa mwambao wanaifahamu hekima inayotakiwa hapa. Nyumba ya Kiswahili ina baraza, na mgeni hupokewa hapo, akaamkiwa na kuulizwa haja yake, kabla ya kuingizwa ndani. Oman nayo ina sabla, mahali pa kukutania na kupokea wageni. Ukurasa wa kwanza wa tovuti hauna budi kufanya kazi hiyo. Picha moja inayoonyesha mchezo ulivyo leo, sentensi mbili za maelezo, na kitufe kimoja cha kupakua chenye ukubwa wa faili pembeni yake, vinatosha. Habari za matoleo na mijadala ya mafundi zipewe chumba chao cha ndani.

Linafuata suala la lugha. Tovuti nyingi huonyesha lugha kwa bendera. Je, Kiswahili kipewe bendera ipi? Ya Tanzania, ya Kenya, au ya Kongo? Na Mswahili wa Maskati ataitambua lugha ya nyumbani kwao katika bendera ipi? Kiarabu nacho kina nchi zaidi ya 20. Bendera ni ya dola, na lugha haina mpaka wa dola. Lililo bora ni kuiandika lugha kwa jina ambalo wenyewe huiita: Kiswahili, Français, العربية.

Jambo jingine ni mwelekeo wa maandishi. Kiarabu husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama kilivyosomwa Kiswahili chenyewe kwa karne nyingi kilipoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Tangu kanuni za HTML 4.0 zilipotolewa mwaka 1997, ukurasa umeweza kuamriwa kugeuka: orodha ihamie kulia, na mshale wa "mbele" uelekee kushoto. Hata hivyo, si kila kitu kigeuzwe. Ramani ikigeuzwa, mashariki huwa magharibi.

Bao linaonyesha hatari hiyo vizuri zaidi. Bao la Kiswahili lina safu 4 za mashimo 8, na kete 64. Oman ina ndugu yake, hawalis, wenye safu 4 za mashimo 7. Mtafiti Alex de Voogt, ambaye alikuwa amechunguza ubingwa wa bao mwambaoni, aliandika juu ya hawalis mwaka 2003. Katika michezo ya jamii hii, upande ambao kete husambazwa ni sehemu ya kanuni. Atakayeunda mchezo wa namna hiyo na kuacha kompyuta igeuze ukurasa mzima, pamoja na picha ya ubao, atakuwa amefundisha mchezo mwingine kabisa. Kinachogeuzwa ni maandishi yanayouzunguka ubao, na ubao wenyewe hubaki ulivyo.

Macho nayo yana haki yake. Waundaji wa michezo hupenda maandishi ya kijivu juu ya weusi, kwa kuwa yanaleta hali ya siri na vita. Kanuni za kimataifa za mwaka 2008 zinataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1. Anayesoma kwenye simu katika jua kali la pwani hahitaji kufundishwa sababu.

Tovuti mbovu ina hatari pia. Mlango halali usipoonekana, mgeni huingia kwa mlango wa uani. Zipo kurasa zinazotoa michezo huria zikiwa zimeichanganya na matangazo au programu zenye madhara, na nyingine huwatoza watu fedha kwa kitu cha bure. Mwaka 2015 yalizuka malalamiko makubwa baada ya programu ya picha ya GIMP kutolewa kupitia hifadhi mashuhuri ya SourceForge ikiwa imefungashwa pamoja na matangazo. Kwa hiyo tovuti iseme waziwazi mchezo unapakuliwa wapi, na namna ya kuhakikisha kwamba faili halikuchezewa.

Basi kazi ianzie wapi? Jakob Nielsen, mtaalamu mzaliwa wa Denmark, alieleza mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro za tovuti. Kwa hakika njia yake ni rahisi. Mtu huketishwa mbele ya ukurasa, huombwa aupate mchezo na kuuanzisha, na anayetazama hunyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Fundi anapomwona mgeni akihangaika, ulimi humwasha amwonyeshe kitufe. Lakini siku ya kweli, katika chumba kilicho mbali, fundi hatakuwapo. Na watano hao wasiwe marafiki wa fundi tu. Awepo kijana asomaye Kiarabu, mama atumiaye simu, na mzee anayekijua Kiswahili lakini haijui kompyuta.

Kazi ya lugha nayo imekwisha kuonyeshwa kuwa inawezekana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Waliofanya kazi hiyo walipaswa kuamua maneno ambayo hayakuwahi kuamuliwa. Tovuti ya mchezo ina maneno machache mno kuliko hayo, na mtu mmoja aweza kuyatafsiri kwa jioni chache, mradi tovuti yenyewe imemwekea mahali pa kuyaandika, na imemwambia kwamba anakaribishwa.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mchezo uliojengwa na wengi huishi kwa kupata wageni, kwa kuwa mchezaji wa leo ndiye mtafsiri wa kesho. Na siku mjukuu wa Sidab atakapolikuta neno asilolijua katika ukurasa wa Kiswahili, akainuka kwenda kumwuliza bibi yake maana yake, tovuti hiyo itakuwa imefanya kazi ambayo shule haikuifanya.