Kuinua Gari la Tawi: Tuanze na Mizani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Katika mkutano uliopita mlituchagua sisi watu watatu tuiangalie habari ya kuinua pikapu ya tawi, kisha tuwaletee shauri. Tumezunguka kwa mafundi, tumelala chini ya gari na tochi, tumekwenda mizani, na leo tumerudi. Twaomba msikilize mpaka mwisho, kwa maana fedha zinazotakiwa zitatoka katika mfuko ule ule tunaozikana nao.

Shauri lenyewe mnalijua. Mvua ikinyesha kati ya Konza na Emali, udongo mweusi wa kando ya reli hugeuka kuwa gundi. Gari hulalia tumbo, na watu nane walio nyuma hushuka kusukuma kwa viatu vya kazi vilivyokwisha kuwa vizito kama mataruma. Vijana wa karakana wakasema gari liinuliwe inchi 4, kama yale ya mashindano wanayoyatazama katika simu zao. Wazee wakasema lisiguswe kabisa. Kelele zikawa nyingi, na hakuna hata mmoja siku ile aliyeuliza gari lina uzito gani.

Kwanza tuseme jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Gari letu ni Land Cruiser ya mfano wa 79. Mbele lina ekseli moja nzima inayokaa juu ya springi za koili, yaani zile zilizosokotwa, na nyuma lina ekseli nzima juu ya springi za majani, vile vyuma bapa vilivyolaliana. Lile tunguu la chuma katikati ya ekseli, ambalo mafundi huliita difu, ndilo hugonga jiwe kwanza na kulima tope kwanza. Sasa, ndugu, ukiweka springi ndefu unainua fremu, bodi, tangi la mafuta na bomba la moshi. Difu haiinuki hata unene wa ukucha, kwa sababu ekseli iko chini ya springi, na kimo chake chatokana na tairi tu. Fundi akikuambia kwamba inchi 4 za springi zitainua difu yako inchi 4, mwambie asante, uende zako.

Wengine watasema, basi tununue tairi kubwa. Tulipiga hesabu hiyo pia. Tairi ya kipimo cha 235/85R16, ambayo kimo chake ni karibu sawa na hizi zetu za 7.50R16, ina kimo cha milimita 806 hivi. Kubwa inayopendwa na vijana, 285/75R16, ina milimita 834. Tofauti ni 28, na difu hupata nusu yake, kwa kuwa ekseli iko katikati ya gurudumu: milimita 14. Kwa milimita 14 hizo twanunua tairi tano kwa bei kubwa, twala mafuta zaidi, na saa ya mwendo itadanganya: ikisema 80 sisi tuko karibu 83. Tena tairi nyembamba mara nyingi hukata tope jepesi hadi kufika ardhi ngumu, na hiyo nene huelea juu yake ikiteleza. Kupunguza upepo kidogo kabla ya kuingia topeni, na kuujaza tena kabla ya kurudi barabarani, ni kazi ya pampu na dakika chache. Hapo twamtaka dereva asiwe mvivu, basi.

Je, kuinua springi hakuna faida? Faida iko, na kwetu ni kubwa. Tumbo la gari hupanda, pua yake hupanda ukingo wa mtaro bila kugonga, na mkia hauburuti wakati wa kutoka mtaroni. Lakini twawaomba mfikiri: gari letu hukwama lini? Hukwama likiwa na watu na vyombo. Likiwa tupu hupita pale pale bila taabu. Ndipo tukasema twende mizani ya kupimia malori, kila ekseli ipimwe peke yake.

Tupu, bila dereva, mbele palikuwa na kilo 1,120 na nyuma kilo 980, jumla 2,100. Kisha wakapanda watu wawili mbele na wanane nyuma, pamoja na jeki za njia, makoleo, nyundo, na maji lita 100. Mbele pakawa kilo 1,210, nyuma 1,800, jumla 3,010. Angalieni vizuri hesabu hiyo. Katika kilo 910 tulizoongeza, kilo 820 zilikaa nyuma. Tulipima pia kwa futi ya chuma, toka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi, na gari lilikuwa limeshuka milimita 85. Hizo ni zaidi ya inchi 3. Basi vijana walikuwa wakitaka inchi 4 za kununua, na huku inchi 3 zetu wenyewe zilikuwa zimelala chini ya mzigo.

Tena tulipokuwa tukipima, mmoja wetu alipitisha mkono penye springi ya nyuma upande wa kulia akakuta jani la tatu lina ufa. Twaomba hapa wazee nao watusikilize. Kusema lisiguswe hakuwezekani tena. Jani likikatika katika mwendo, ekseli yaweza kusogea na gari likaenda linakotaka lenyewe, na nyuma wameketi watu. Tangu siku hiyo gari limesimama, na twashukuru wale waliolalamika kwa heshima.

Kwa hiyo springi huchaguliwa kwa kilo kwanza, kimo baadaye. Wenye kutengeneza springi hizi, kama Old Man Emu wa Australia, huziuza kwa aina: za gari jepesi, za mzigo wa kiasi, na za mzigo mzito wa siku zote. Hizo nzito zina hila yake. Gari likiwa na mzigo hukaa vizuri, lakini likiwa tupu mkia hupanda juu na gari huruka kwenye vile vitutatuta vya murram kama mbuzi. Tairi inayoruka haishiki njia wala haishiki breki. Watu wa mabehewa wanalijua hilo: behewa tupu lenye springi za mzigo hupiga makelele mengi zaidi njiani. Hizo nyepesi nazo zitatulaza chini kama hizi tulizo nazo. Gari letu huenda tupu karibu safari moja katika tatu. Kwa hiyo twataka nyuma zile za mzigo wa kiasi, zenye jani nene la chini ambalo halifanyi kazi mpaka mzigo ushuke. Mbele hatuna bampa ya chuma wala winchi, basi mbele twataka za kawaida. Watu wengi huuziwa springi za mbele za gari lenye winchi ilhali hawana hata kamba.

Lakini kilo za springi si ruhusa ya kuongeza watu. Uzito ambao kiwanda kimeuandika katika kibao cha gari haubadiliki kwa sababu ya springi mpya. Breki ni zile zile, ekseli ni ile ile, na fremu ni ile ile.

Sasa habari ya kimo. Reli yetu ya zamani, iliyofika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, ina upana wa mita 1, na ile mpya iliyoanza kuchukua abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017 ina milimita 1,435. Kila mtu wa njia ajua kwamba behewa lenye kichwa kizito juu ya njia nyembamba halichezewi kwenye kona. Gari ni vivyo hivyo. Chukua nusu ya upana kati ya tairi na tairi, uigawanye kwa kimo cha kitovu cha uzito. Kwa mfano, upana ukiwa milimita 1,450, nusu yake ni 725. Kitovu kikiwa kwenye milimita 750, jibu ni 0.97. Kipandishe 50, jibu ni 0.91. Kipandishe 100, jibu ni 0.85. Kadiri jibu linavyoshuka ndivyo gari linavyopinduka upesi. Na hesabu hiyo ni ya gari peke yake. Watu wanane walioketi juu ya viti vya bodi wanapandisha kitovu zaidi, na wakisimama wanapandisha zaidi tena.

Yako na mengine yanayoletwa na hizo inchi 4. Mbele, ekseli hushikwa na mikono miwili inayokwenda nyuma kwenye fremu. Fremu ikipanda, ekseli hujisokota kidogo, na usukani huacha kurudi wenyewe baada ya kona. Gari likishika mwendo huyumba, dereva akawa anaongoza kama mtu anayefukuza nzi. Kwa inchi 2 bushi za kurekebisha zatosha. Kwa inchi 4 zahitajika sahani au mikono mingine. Lile fito la kukingama linaloshika ekseli isiende kando nalo huivuta ekseli upande mmoja. Propela hukaa kwa pembe kali ikatetemeka na kula viungo vyake. Paipu za mpira za breki hukazika gurudumu linaponing'inia. Tena magari mengi ya pikapu yana vali ya breki ya nyuma inayopima mzigo kwa mkono ulioungwa na ekseli. Mwili ukiinuliwa, vali hudhani gari ni tupu, na hupunguzia breki za nyuma nguvu siku ile ile zinapohitajika. Kila kitu katika hivyo kina dawa, lakini kila dawa ina bei, na mfuko wa kufaana ni mmoja.

Ndugu mmoja ameshauri njia rahisi, tutie vipande vya chuma kati ya ekseli na springi za nyuma, au tutafute majani ya lori kuukuu na kuyachomelea. Vipande vya nyuma vyafanywa na watu, lakini springi hujikunja zaidi gari linapong'oka kwa nguvu. Mbele havifai kamwe. Chuma cha springi kilichochomelewa hupoteza ugumu wake palepale penye moto, na hapo ndipo kitakapokatika. Shekeli ndefu nazo hutoa nusu tu ya urefu ulioongezwa, na gari huanza kulegea kando. Hatukuona sababu ya kuyachukua hayo ilhali jani lililopasuka linatutaka tununue springi kwa vyovyote.

Twapendekeza basi milimita 50, yaani inchi 2, mbele na nyuma, na tairi zibaki kipimo hiki hiki. Shokomzoba nne za urefu unaolingana na springi, kwa maana za zamani zitafika mwisho wake kabla ya springi na kung'oka. Bushi za kurekebisha usukani. Boliti za umbo la U ziwe mpya, zile za zamani zisirudishwe hata fundi akisema bado ni nzima, kwa kuwa zimekwisha kuvutika mara moja. Bushi za mpira zikazwe gari likiwa limesimama juu ya tairi zake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki zitakaa zimejisokota siku zote na kuchanika upesi. Baada ya kilomita 500 boliti zote zikazwe tena, na aliyekaza aandike jina lake katika kitabu cha gari. Taa za mbele zishushwe, zisiwapofushe wengine. Jeki ya chupa tuliyo nayo itakuwa fupi, basi iwekwe na gogo la kukalia. Na ngazi ya nyuma iongezwe kipago kimoja, kwa sababu gari hili huchukua pia wagonjwa na mama zetu wakienda mazikoni, nao hawawezi kuruka kama gangi.

Kabla fundi hajashika spana, karani wa tawi aandikie kampuni ya bima na amwulize mkaguzi wa magari. Majibu yawe kwa maandishi. Bima inayokataa kulipa baada ya ajali itatugharimu kuliko springi zote za Nairobi.

Kazi ikiisha turudi mizani na watu wale wale kumi na vyombo vile vile, tupime tena kimo cha nyuma, na hesabu ibandikwe ubaoni karibu na orodha ya zamu.

Bei za mafundi watatu ziko mezani kwa karani, pamoja na jani lenye ufa, kila mtu alishike kwa mkono wake. Waliotaka inchi 4 wana haki ya kusema sasa, na waliotaka lisiguswe pia. Sisi twakaa.