Magnesiamu, Kalsiamu na Kifungo cha Silikoni na Nitrojeni: Kemia ya Metali Zilizomo Katika Milima ya Sharqiya na Dakhiliya

Kifungo na kazi zake

Kifungo cha silikoni na nitrojeni ni adimu mno katika maumbile. Ardhini, silikoni imeshikamana na oksijeni: ndivyo ilivyo katika chembe za kwatzi zilizomo kwenye mchanga wa Sharqiya nchini Oman, na ndivyo ilivyo katika mawe meusi ya milima ya Samail. Silikoni inayotakiwa ishikane na nitrojeni sharti ipitie mikononi mwa wanakemia.

Kazi za kifungo hicho ni nyingi. Nitridi ya silikoni ni kauri ngumu inayostahimili joto, nayo hutengenezewa gololi za beringi ziendazo kasi. Polisilazani nyingi ni polima za majimaji: zikipakwa juu ya metali hugeuka tabaka gumu, na zikichomwa kufikia nyuzi 1000 za Selsiasi au zaidi huwa kauri. Heksamethilidisilazani hutayarisha uso wa visahani vya silikoni katika viwanda vya elektroniki. Dawa hiyohiyo hutumika maabara kuzifanya molekuli nzito, kwa mfano asidi za mimea, zigeuke mvuke kwa urahisi ili ziweze kuchambuliwa kwa mashine.

Njia ya klorini na gharama yake

Njia ya zamani huanza na klorosilani, yaani silikoni iliyobeba klorini. Molekuli mbili za klorosilani ya methili tatu humenyuka na molekuli tatu za amonia. Hupatikana molekuli moja ya heksamethilidisilazani na mbili za kloridi ya amoni. Kwa uzito, kila gramu 161 za dawa inayotakiwa huja na gramu 107 za chumvi isiyotakiwa.

Chumvi hiyo hutoka kama fuwele laini zinazofanya uji mzito ndani ya chombo. Lazima ichujwe, ioshwe na kutafutiwa pa kutupwa. Katika polima kazi huwa ngumu zaidi, kwa sababu fuwele hunasa ndani ya majimaji mazito, na klorini inayobaki huharibu bidhaa za elektroniki.

Njia ya haidrojeni

Njia ya pili huanza na silani yenye kifungo cha silikoni na haidrojeni, pamoja na amini au amonia yenye kifungo cha nitrojeni na haidrojeni. Silikoni na nitrojeni hushikana, na haidrojeni mbili zilizoachwa huungana na kutoka kama gesi. Hakuna chumvi ya kuchuja. Kasoro yake ni kwamba bila kichocheo mmenyuko huu kwa kawaida hukawia mno.

Vichocheo vya mwanzo vilitokana zaidi na metali za mpito. Katika miaka ya 1980, Yigal Blum na Richard Laine wa SRI International, California, walitumia ruthenamu kutengeneza silazani na polisilazani. Ruthenamu ni ghali, na katika gamba la dunia ni takriban sehemu moja tu katika bilioni. Magnesiamu ni zaidi ya asilimia 2 ya gamba hilo, na kalsiamu ni takriban asilimia 4. Swali likawa kama metali hizi za kawaida, zilizo katika makundi makuu ya jedwali la elementi, zingeweza kuifanya kazi hiyo.

Jibu lilikuja hatua kwa hatua. Mwaka 2007, Buch na Harder nchini Ujerumani walionyesha kwamba kiambata cha kalsiamu huunganisha silani na amini. Mwaka 2011, kundi la Aaron Sadow katika Chuo Kikuu cha Iowa State lilitumia magnesiamu iliyozungukwa na molekuli kubwa ya kuilinda, likafanikiwa hata kwa amonia na haidrazini. Michael Hill na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bath walilinganisha magnesiamu, kalsiamu na stronsiamu mwaka 2013. Mwaka 2015, Yann Sarazin na Jean-François Carpentier wa Rennes, Ufaransa, pamoja na Sven Tobisch, walionyesha kwamba bariamu huzishinda stronsiamu na kalsiamu kwa kasi.

Jinsi metali inavyofanya kazi

Metali hizi hazibadilishi idadi ya elektroni zake kama zinavyofanya metali nyingi za mpito. Magnesiamu hubaki na chaji mbili chanya tangu mwanzo hadi mwisho. Nguvu yake ni kuishika nitrojeni kwa namna inayoiacha na chaji hasi ya kutosha kuishambulia silikoni.

Nitrojeni ikishaikaribia silani, silikoni hushika vitu vitano kwa muda mfupi badala ya vinne vya kawaida. Kisha huiachia haidrojeni, nayo huhamia kwa metali na kuwa haidraidi. Bidhaa imeshapatikana. Haidraidi ya metali hukutana na molekuli mpya ya amini, gesi ya haidrojeni hutoka kwa mapovu, na metali hushika tena nitrojeni, tayari kwa mzunguko mwingine.

Ukubwa wa ioni una athari kubwa hapa. Nusukipenyo cha ioni ya magnesiamu ni takriban pikomita 72, cha kalsiamu 100, cha stronsiamu 118 na cha bariamu 135. Ioni kubwa hushika kwa ulegevu na huacha nafasi ya molekuli kuingia, ndiyo maana bariamu huenda mbio. Lakini ulegevu huohuo huifanya ibadilishane kwa urahisi vitu ilivyoshika, hivyo kichocheo huharibika upesi, na misombo ya bariamu inayoyeyuka majini ni sumu. Magnesiamu huenda taratibu zaidi lakini ni rahisi kuidhibiti: amini ikiwa na vikundi vikubwa, mmenyuko unaweza kusimamishwa baada ya kifungo kimoja, kabla silikoni haijashika cha pili.

Metali hizohizo milimani

Miamba inayotoka Samail katika Dakhiliya hadi upande wa Ibra katika Sharqiya ni sehemu ya vazi la dunia lililosukumwa juu ya nchi kavu. Jina lake ni peridotiti, na takriban asilimia 40 ya uzito wake ni oksidi ya magnesiamu. Katika miaka ya 2016 hadi 2018, Mradi wa Uchimbaji wa Oman ulitoboa visima, vikiwemo vya mita 300 hadi 400 huko Batin katika Wadi Lawayni, ili kuona maji yanavyoubadilisha mwamba huo.

Maji ya mvua yakishuka ndani ya peridotiti, magnesiamu hubaki katika madini mapya, kalsiamu huingia majini, na chuma kikiongezewa oksijeni huiachia haidrojeni ya maji itoke kama gesi. Colin Neal na Gordon Stanger waliichapisha habari ya gesi hiyo mwaka 1983. Katika mabonde kadhaa maji hayo hutokeza yakiwa na pH inayozidi 11. Kalsiamu yake ikikutana na kaboni dioksidi ya hewani hufanya gamba jeupe juu ya madimbwi ya buluu.

Chemchemi hizo zinaonyesha pia mpaka wa vichocheo vinavyoelezwa hapa. Magnesiamu na kalsiamu hupenda mno oksijeni. Tone la maji au hewa kidogo hugeuza kichocheo kuwa oksidi au haidroksidi isiyo na kazi. Kwa hiyo jiwe la Samail haliwezi kusagwa likatumika. Metali lazima kwanza itenganishwe na oksijeni kwa nishati nyingi, kisha kichocheo kinachotokana nayo kihifadhiwe ndani ya arigoni au nitrojeni kavu.

Hesabu kamili

Usafi wa njia ya haidrojeni hupimwa tangu malighafi. Silani nyingi za maabara, kama fenilisilani, hutengenezwa kwa kuondoa klorini kwenye klorosilani, hivyo chumvi iliyoepukwa mwishoni huwa imezalishwa mwanzoni. Faida huwa ya kweli zaidi pale kiambata chenye kifungo cha silikoni na haidrojeni kinapopatikana kama zao la ziada la viwanda vya polima za silikoni, mfano wake ni polimethilihaidrosiloksani. Hata katika hali nyingine, chumvi hutenganishwa mapema, wakati molekuli ni ndogo na rahisi kusafishwa, nayo polima ya mwisho hutoka bila klorini.

Haidrojeni inayotoka inahitaji uangalifu pia, kwa kuwa huwaka na huongeza shinikizo katika chombo kilichofungwa. Katika chombo kidogo huachwa itoke. Kiwandani inaweza kukusanywa na kutumika. Kazi iliyobaki kwa watafiti ni kupata viambata vya magnesiamu na kalsiamu vinavyostahimili unyevu zaidi, vinavyotumika kwa kiasi kidogo zaidi, na vinavyoweza kutumia amonia, ambayo ndiyo chanzo rahisi cha nitrojeni, bila kuunganisha silani nyingi kuliko inavyotakiwa.